Mjomba wa Mateka

Nchi hii ninayotaka kuwasimulia haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji atakayedhani amewahi kuishi huko atakuwa na lake jambo. Inaitwa Tambarare. Ng'ambo ya mto wake kuna nchi nyingine iitwayo Mabonde, na watu wa pande zote mbili wanakula ugali uleule, wanaoana, na wanaazimana majembe bila kurudishiana. Sasa, mwaka wa mvua kubwa mto ukahama njia yake ukapita katikati ya uwanja wa mpira wa mpakani. Goli moja likabaki Tambarare, la pili likaangukia Mabonde.

Rais wa Tambarare, ambaye cheo chake kamili ni Mtukufu Mlezi wa Taifa na Mleta Mvua, akatoka kwenye redio akasema lile goli la ng'ambo ni kiungo cha mwili wa taifa, na taifa lenye goli moja litabaki kujifunga lenyewe maisha. Wabunge wakapiga makofi. Huko Tambarare hotuba ya Mtukufu huwa sheria pale makofi yanaponyamaza, ndiyo maana wabunge hupiga makofi kwa muda mrefu sana, wapate walau kupumua kabla sheria haijaanza. Siku ile mikono iliwachoka mapema, na vita vikaanza kabla ya chai ya saa nne.

Redio ya Tambarare ilikuwa hodari wa kuua. Asubuhi iliua maadui kwa mamia, ikifika jioni wameshakuwa maelfu, mpaka watu wakaanza kunong'onezana kwamba Mabonde haikuwahi kuwa na watu wengi hivyo hata siku ya sensa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa amemwona adui hata mmoja. Kwa hiyo siku alipookotwa koplo wa Mabonde, amelala kwenye majani kando ya mto na risasi pajani, nchi nzima ilishusha pumzi. Risasi yenyewe ilitoka wapi haikujulikana vizuri. Wapo wanaosema ilipigwa juu kusherehekea ushindi wa jana yake, ikashuka ilikotaka. Kesi hiyo mimi simo.

Aliletwa Hospitali Kuu ya Mpakani amelazwa juu ya mlango uliong'olewa shuleni, matarumbeta mbele, Jenerali Kishindo nyuma. Hospitali ile iliitwa Kuu kwa sababu kibao chake kilikuwa kirefu kuliko wodi. Daktari alikuwa mmoja, Daktari Nyamizi, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye tabia moja iliyomnyima vyeo vyote: hakuweza kusema uongo kuhusu mgonjwa. Zamani alikuwa akifanya kazi mji mkuu. Waziri mmoja akamwuliza kama mafua yake yalitokana na mzigo mzito wa kulitumikia taifa, naye akamjibu yalitokana na kulala na dirisha wazi. Wiki hiyohiyo akahamishiwa mpakani.

"Usimguse bado," Jenerali alimwambia. "Huyu ni adui."

"Inawezekana," Daktari akasema. "Lakini anavuja damu kama mtu mwingine. Mwekeni pale mezani."

Jenerali akamweka sawa kuhusu mpango wa serikali. Mtukufu alikuwa ameshahutubia kwamba Sikukuu ya Ushindi, adui mzima atapigwa risasi na wazalendo wazima mbele ya wananchi. Sikukuu ilipangwa kabla ya vita kuanza, kwa kuwa mabango yalikuwa tayari. Adui mgonjwa hafai kupigwa risasi, maana dunia itasema Tambarare imeshindana na kidonda. Kwa hiyo Daktari amponye upesi, na apone vizuri, ang'are, halafu wamuue. Jenerali alifurahi kuona kwamba jeshi na hospitali safari hii walitaka kitu kimoja.

Daktari Nyamizi akageuka. Alimtazama yule koplo, kijana mwembamba aitwaye Lukelo, midomo imemkauka, ambaye alikuwa ameyasikia yote neno kwa neno. Lukelo aliuliza jambo moja tu, kama anaweza kupata maji ya kunywa. Daktari akampa mwenyewe, akamshikia kikombe mpaka akamaliza.

Hapo ndipo kikatokea kikwazo ambacho jeshi halikukifikiria. Huko Tambarare mgonjwa halazwi bila ndugu. Hospitali inatoa kitanda na daktari, basi. Shuka ni la ndugu, beseni ni la ndugu, uji ni wa ndugu, na ndugu huyo, anayeitwa mwuguzaji, hukaa pale kitandani mpaka mgonjwa wake atakapoinuka. Tena mwuguzaji haguswi. Haitwi, hakamatwi, haondolewi wodini hata kwa amri ya nani, kwa sababu watu wa Tambarare, wakubwa kwa wadogo, wanaamini kabisa kwamba anayemtoa mwuguzaji kando ya mgonjwa hubeba yeye ule ugonjwa. Mtu anaweza kuiba kura huko na akalala usingizi mzuri, lakini kumtoa mwuguzaji wodini, hathubutu.

Sasa Lukelo ndugu zake wote walikuwa ng'ambo, na kwa mujibu wa redio wote walikuwa wameshakufa mara tatu tatu. Daktari akasema bila ndugu hawezi kumlaza, na asipomlaza hatapona, na asipopona hapigwi risasi. Jenerali akapiga simu Ikulu. Ikulu ikajibu kwamba mateka wa serikali atapewa ndugu wa serikali, na nafasi itangazwe jeshini.

Weee, wanajeshi waliigombea nafasi ile! Makanali walisemana, mameja wakachimbiana. Ilikuwa ndiyo kazi pekee katika vita vyote ambayo mtu angeifanya akiwa karibu na adui wa kweli. Jenerali Kishindo, ambaye hakupenda mtu yeyote chini yake apigwe picha, akajiteua mwenyewe. Taarifa ya jioni ikasema kwamba pamoja na majukumu yake ya sasa, Jenerali ameteuliwa kuwa Mjomba wa Mateka, na uteuzi unaanza mara moja.

Asubuhi akaingia wodini na nishani zake zote, shuka jipya kwapani, beseni mkononi, na mlinzi wa kumbebea kiti. Alikuwa amejiandaa kumkaripia mateka. Lakini Lukelo alikuwa amelelewa. Alipoambiwa huyu ndiye mjomba wako, akajikokota akainua kichwa, homa imemjaa, akasema, "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," Jenerali akasema. Ilimtoka kabla hajafikiri. Mtu ameamkiwa, atafanyaje?

Baadaye siku hiyo Daktari alihitaji idhini ya ndugu ili aitoe risasi. Jenerali akasimama wima akasema kama Jenerali kwamba dawa ya usingizi ni ya wazalendo, adui achanwe hivihivi. Daktari akamwambia kiti cha mjomba kiko pale, akae, kisha amjibu tena kama ndugu. Jenerali akakaa. Akautazama ule mguu uliovimba, akakitazama kisu. Akatoka kijasho chembamba, akasema kwa sauti ya chini kwamba jamani, mtoto apewe usingizi. Akasimama tena akajikanusha. Akakaa tena akajiomba radhi. Mwisho Daktari akamwambia anayetia sahihi ni aliyekaa, akamsogezea karatasi, akaingia kazini. Risasi ikatoka salama.

Basi zikaanza pole. Mnajua wenyewe mtu akiuguza hapitwi. Watu walianza kuja hospitali kumtazama adui na kumzomea, wamejipanga tangu getini na nyimbo zao za matusi, lakini wakiingia ndani wanakuta Jenerali mzima amekaa kwenye kiti anapepea nzi kwa kofia ya kijeshi. Matusi yanakwama. Mtu anajikuta anasema, pole kwa kuuguza, Jenerali, mgonjwa anaendeleaje? Na Jenerali anajibu, anajitahidi, leo amekunywa uji kidogo. Umoja wa Akina Mama Wanaoichukia Mabonde walikuja na mayai mabovu ya kumpiga nayo. Waliondoka wameacha machungwa, na mwenyekiti wao, Bi Sijapata, akarudi kesho yake na supu ya kuku kwa sababu alimwona kijana amekonda mno, wanamlisha nini?

Mwanzoni Jenerali aliona aibu na zile pole. Halafu akazizoea. Halafu, niwaambie ukweli, zikamnogea. Maisha yake yote watu walimpigia saluti na hakuna aliyewahi kumwuliza kitu akasubiri jibu. Akaanza kusema "mgonjwa wetu." Akaanza kumgombeza Nesi Chausiku kwamba dripu inakwenda mbio. Na kwa kuwa kazi ya mwuguzaji ni kukaa, na kukaa kunachosha, akaanza kumwuliza Lukelo habari za kwao. Kijana akamweleza juu ya mama yake, Mwasiti, anayeuza vitumbua karibu na lile goli lililozua balaa, anayecheka mpaka analia, asiyejua kama mwanawe yu hai.

Jenerali akaacha kupepea. Alikuwa anapiga hesabu. Kama yeye ni mjomba wa kijana huyu kwa tangazo la serikali, basi huyo Mwasiti ni nani kwake? Hakuwahi kuwa na dada. Aliuliza kama vitumbua vyake vina iliki.

Daktari Nyamizi aliyaona yote hayo na hayakumpa raha. Kila asubuhi alikisafisha kidonda kwa mikono yake, na kila asubuhi kilikuwa kizuri zaidi ya jana, nyama nyekundu, safi, kingo zinakutana. Ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na kila bandeji aliyoifunga ilikuwa inamsogeza yule mtoto kwenye nguzo ya kupigiwa risasi.

Nesi Chausiku, mwanamke wa moja kwa moja, alimvuta pembeni penye kabati la dawa akamwambia wakiache kidonda kiendelee kuuma tu, kisipone, kisioze, mpaka Sikukuu ipite.

"Kidonda hakijui Sikukuu," Daktari akamwambia. "Nikikiacha kichafu utakwenda mguu, halafu ataondoka mwenyewe. Mimi naponya, Chausiku. Wanaotaka kuua wasitafute msaada wangu, si wa kuponya vibaya, si wa kusema uongo." Halafu akakaa juu ya ndoo, akajifuta macho kwa mkono wa koti, na Nesi akajifanya anahesabu sindano.

Lukelo akaanza kutembea. Akaanza kusaidia kufagia. Mabango ya Sikukuu yakabandikwa mpaka mlangoni mwa hospitali, na Ikulu ikapiga simu kuuliza kama adui ni mzima. Daktari akashika simu kwa mikono miwili. Jenerali alikuwa amesimama pale karibu, na mara hii hakusema neno kama Jenerali wala kama mjomba. Daktari akasema ndiyo, mgonjwa amepona. Hakuwa na lingine la kusema. Nesi Chausiku akatoka nje akalia kwa sauti.

Lakini Daktari hakukata simu. Kichwa chake kilikuwa kinakwenda mbio, na kikaishika ile hotuba. Akauliza kwa adabu, hao wazalendo wazima watakaopiga risasi, nani amethibitisha kuwa ni wazima? Maana hotuba ilisema adui mzima na wazalendo wazima, na makofi yalishanyamaza, kwa hiyo ni sheria. Upande wa pili watu wakasikika wanaulizana. Mwishowe wakasema wataletwa, na awapime haraka.

Wakaletwa askari sita, mabingwa wa shabaha wa Tambarare, wale wanaoonekana kwenye mabango wamevimba vifua. Daktari aliwapima kwa haki, kama anavyompima mtu yeyote, na nawaapia hakuongeza wala hakupunguza. Wawili walikuwa na malaria iliyopanda kichwani, mmoja alikuwa anamlenga Nesi Chausiku na kumwita afande. Wa tatu alikuwa na safura, wa nne na kichocho. Wa tano alikuwa na mtoto wa jicho kwenye jicho lilelile analolengea, na alikiri kwamba kwa muda mrefu alikuwa akifuata mlio. Wa sita hakuwa na ugonjwa, alikuwa na njaa tu, lakini ya kuanguka. Hakuna aliyekuwa amewahi kuwapima kabla ya hapo. Walipoambiwa walale walilala, na mmoja akaguna kwa raha kugusa godoro.

Kwao mbali, ndugu hawana, na bila ndugu hakuna kulazwa. Lukelo ndiye aliyesema, yeye hana kazi, mguu umepona, uji anajua kuupika. Akaandikwa mwuguzaji wa wote sita. Akawa anazunguka na sufuria, anampoza huyu, anamfunika yule, na yule wa shabaha ya kufuata mlio alipoujua mkono uliomlisha ni wa nani, aliushika akakataa kuuachia mpaka akalala.

Jenerali Kishindo akaambiwa na Ikulu kwamba kikosi chake kimelazwa chote na kinalishwa na adui, afanye jambo. Akaja kama Jenerali. Alisimama katikati ya wodi, akafoka kwamba wasimame, wajipange, Sikukuu imefika, mateka atolewe nje sasa hivi. Lukelo alikuwa amechuchumaa kwenye jiko. Akainuka, akapangusa mikono, akamwuliza mjomba kama amekula. Jenerali akafungua mdomo kutoa amri nyingine. Haikutoka. Shingo ikavimba, macho yakageuka, akaanguka chini kwa kishindo kikubwa na nishani zikatawanyika hadi chini ya vitanda.

Presha. Daktari alipompima alishangaa kwamba alikuwa bado anaongea. Akalazwa kitanda cha saba. Ndugu? Mkewe alikuwa nje ya nchi akitibiwa meno, watoto nje ya nchi wakisoma uzalendo. Ndugu pekee wa Jenerali aliyekuwepo nchini, tena aliyetangazwa rasmi na redio ya taifa, alikuwa mpwa wake. Lukelo akatandika shuka, akaleta beseni.

Ikulu ilipiga simu ikafoka, kisha ikashuka, kisha ikabembeleza. Mtukufu mwenyewe akashika simu. Mtukufu alikuwa mtu wa kuogopa maradhi kuliko mapinduzi, akipiga chafya anapanda ndege kwenda kutibiwa ughaibuni. Alipoambiwa kwamba mateka sasa ni mwuguzaji, aliusogeza mkono wa simu mbali na mdomo. Akauliza Jenerali anaumwa nini hasa. Akauliza kama presha inaweza kubebwa kwa simu. Mwisho akaamua kwa busara zake zote kwamba Sikukuu ya Ushindi isogezwe mpaka siku Jenerali atakapopona, na akaagiza kila asubuhi apimwe, na Daktari, anayejulikana kwa kutosema uongo, aipigie Ikulu simu aseme kweli.

Vita vikawa vinasubiri wodini. Jenerali alipewa dawa, alikatazwa chumvi, alipewa uji, alipepewa. Mpwa wake alimkanda miguu huku akimsimulia mambo ya Mwasiti. Watu walipita wakamwambia Lukelo, pole kwa kuuguza, naye akawa anajibu, mjomba anajitahidi. Na Daktari Nyamizi alikuwa daktari mzuri, ndio ubaya wake. Kila siku presha ilishuka kidogo.

Ikafika asubuhi moja akamkuta Jenerali amekaa kitandani, uso umetakata, anacheka na askari wale sita, ambao nao walikuwa wamenenepa. Daktari hakuhitaji mashine kujua. Simu ilikuwa pale mezani, na Ikulu ilikuwa inasubiri. Nesi Chausiku alimtazama mara moja akageukia ukutani.

Jenerali aliacha kucheka. "Daktari," akasema polepole, "leo nasikia mwili mwepesi. Usiniambie nimepona. Nitamwambia nini dada yangu?"

Daktari akavuta kiti. Akamkunjia mkono wa shati, akamfunga ule utepe wa mashine mkononi, akaanza kuujaza upepo. Kule jikoni Lukelo alikuwa ameinama juu ya sufuria, anapuliza uji wa mjomba wake upoe.

"Jenerali," Daktari akamwuliza, huku macho yake yakiwa kwenye mashine, "siku watakapomfunga kitambaa machoni, wewe utasimama upande gani?"

Jenerali akageuza kichwa akamtazama yule kijana. Kifua kikaanza kumpanda na kushuka, mishipa ya shingo ikamtoka, na mshale wa mashine ukapanda, ukapanda, ukapita pale pekundu.

"Unaumwa sana, Jenerali," Daktari akasema, na ilikuwa kweli tupu. Akanyanyua simu akaieleza Ikulu kile alichokiona kwa macho yake, bila kuongeza wala kupunguza.

Jenerali akajilaza chali, anatweta, machozi yanamtoka mpaka masikioni. Akasubiri Daktari aweke simu chini, kisha akamshika koti.

"Na kesho," akasema, "uniulize tena hivyohivyo."